Kidole Gumba Juu ya Kioo

Kunduchi, 3 Machi 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila upweke unanitafuna. Miguu inaendeleaje? Na masikio? Juzi kwenye simu nilijua hunisikii, basi nimerudi kwenye barua. Dereva wa basi ataiacha stendi.

Baba, wavuvi walituletea kasa aliyekufa. Ndani ya moyo wake nimekuta minyoo wa damu, ndugu wa wale wa kichocho uliowatafuta maabara miaka thelathini. Kazi yangu ni kuwatambua: huyu wa kundi gani, yule wa jina gani. Wanaojulikana ni wembamba. Wangu ni wapana kama jani la chai. Nadhani ni aina mpya, na aina mpya hupewa jina. Nimeshaandika makala na kuituma kwenye jarida. Nimempa lako, Jotham.

Mwanao,
Atuganile

Tukuyu, 19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Ugonile? Huku mvua haikatiki, ndizi zimekomaa zote kwa pamoja na mlaji ni mmoja. Tangu mama yako atutoke bado napika sufuria lile lile kubwa. Mkono umekataa kujifunza.

Barua yako nimeisoma mara nne, kisha nikampa mchungaji akaisoma kwenye matangazo ya kanisani. Sasa Anyosisye muuza maziwa ananiita Mzee Mnyoo. Acha anicheke! Zamani nilimaliza siku nzima bila kuongea na mtu. Wiki hii wamepita watu kumi kumuulizia mnyoo wangu, na wawili wamekula ndizi.

Ndaga fijo, asante sana, mwanangu.

Baba yako

Kunduchi, 27 Mei

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Kila nikishika kalamu nakumbuka hao watu kumi.

Nilikuwa nimehifadhi minyoo wengine wa moyo ule ule, bila kuwagandamiza. Nimewapima: ni wembamba. Wale wa kwanza niliwabana mno chini ya kioo cha darubini, wakatanuka. Si aina mpya, Baba. Wana jina lao tangu zamani, na makala nimeiondoa. Kosa ni langu, nina mkono mzito.

Najua umeshawaambia watu. Naona aibu kwa ajili yako kuliko kwa ajili yangu.

Mwanao,
Atuganile

Tukuyu, 8 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Usinidanganye kwa adabu. Ulikuwa na miaka tisa, umesimama juu ya kigoda pale maabara. Nikakushika kidole gumba nikakikandamiza juu ya kioo: "Bana, mpaka uone mwanga." Sisi tulikuwa tunapima choo. Tulitafuta mayai tu, umbo la mnyoo lilituhusu nini? Kidole kile ni changu. Umefanya vema kuiondoa makala. Jina langu lisikae juu ya uongo.

Ila kanisani sijasema. Jumapili iliyopita waliniuliza, "Mnyoo hajambo?" Nikajibu hajambo.

Nitasimama niwaambie ukweli siku ya mavuno, tarehe thelathini. Kuchekwa nimezoea. Ninachoogopa ni kwamba baada ya hapo hakutakuwa na wa kuniuliza kitu. Sikuombi useme neno. Njoo tu, ukae pale kwenye benchi alipokuwa anakaa mama yako. Bado hakuna aliyepakalia.

Baba yako