Sauti ya Kiunga Haiuzwi

Rafiki yangu Karwirwa, tangu siku tuliyomzika mume wangu Kiunga sijainua sauti. Leo nimeinua.

Ndugu yake, Mithika, amekuja dukani, hata chai hajamaliza: "Shemeji, ile programu ya simu tuifunge. Anayeitaka alipe."

Tuifunge! Ile inayowaambia wakulima wa Mitunguu, kwa sauti ya Kiunga mwenyewe, "Migomba yako ina kiu"!

Nikamwambia Kiunga aliitoa bure ndio watu wanunue vifaa vyetu vya kupima unyevu wa shamba. Bila programu, kifaa ni chuma tu kwa udongo.

Akacheka. "Marehemu alikuwa na huruma, si biashara."

Huruma! Na amekalia kiti kilichonunuliwa na hiyo huruma!

Nimemwonyesha mlango. Namba ya siri ya programu ninayo mimi. Kesho nafungua duka, programu ni bure, na atakayeiwasha atamsikia Kiunga.