Kitufe cha Ijumaa Jioni

Jumatatu, 5 Mei

Nepi sita kwenye kamba na mvua imeanza tena. Nimezianua, nimezitandaza juu ya viti. Nyumba yote inanuka sabuni. Bochaberi ana miezi mitano na hataki kuwekwa chini hata kidogo. Naandika kwa mkono mmoja.

Mume wangu Nyabuto alikunywa uji macho yakiwa kwenye simu. Akacheka peke yake. Nikamwuliza anacheka nini. Akasema, "Kemunto huyu ana maneno!" Akavaa koti akaenda kibandani kwake Nyakoe.

Kemunto ni nani? Sikuuliza. Nilikuwa nimechoka kuuliza.

Jumanne, 6 Mei

Leo nimeuliza.

Kazi ya mume wangu ni kutengeneza simu na redio. Mwaka huu ameanza kukusanya zile MP3 za zamani za kuchezea nyimbo ambazo watu wamezisahau kwenye droo. Anazifungua, anaziwekea programu ya bure. Programu yenyewe haina mwenyewe. Inaandikwa na watu wa nchi nyingi kwa kujitolea, na kuna jukwaa kwenye mtandao ambapo mtu yeyote anaweza kuomba iongezewe kitu. Wengine wanajibu: ndiyo, hapana, ya nini? Nyabuto anasoma hayo maombi jinsi wanaume wengine wanavyosoma habari za mpira. Mmoja anataka picha ijaze kioo. Mwingine anataka wimbo ufifie polepole kabla ya unaofuata kuanza. Kuna mzee wa ng'ambo anaomba kitu kilekile kila mwaka, wanamkatalia, anarudi.

Kemunto ni wa Nyaramba. Ana diploma ya kompyuta, anafanya kazi kwenye saiba, duka la intaneti. Aliomba mashine itaje jina la wimbo kwa sauti, kwa ajili ya mjomba wake asiyeona. Wakakubali. Akasaidia hata kuiandika.

Nyabuto alinisimulia haya na uso fulani. Uso huo naujua. Alikuwa nao aliponiposa.

Mimi ningeomba kitufe cha kumzima Nyabuto.

Jumatano, 7 Mei

Nimeshika simu yake. Alikuwa anaoga. Si tabia yangu lakini nimeshika.

Niandike vizuri ili nisijidanganye baadaye. Mwezi uliopita, Ijumaa jioni, tulikuwa kwa mama mkwe tukifungua Sabato. MP3 yake ilikuwa inacheza wimbo wa Kristo polepole. Wimbo ukaisha, ikaruka yenyewe hadi kwenye obokano, kinubi cha kwetu. Nyuzi zile, na mwanamume anaimba juu ya mapaja ya msichana fulani wa sokoni. Mzee wa kanisa alikuwa amepiga magoti. Mama mkwe alitamani ardhi immeze. Na hawezi kuzifuta, maana ni nyimbo alizokuwa akizicheza marehemu baba mkwe. Ndizo amebaki nazo.

Siku ile nikinyonyesha nilimwambia Nyabuto: kwa nini nyimbo za dunia zisifungiwe kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumamosi jioni? Zisifutwe. Zilale tu. Akasema, "Hilo wazo, Mama Boch!" Nilifurahi siku nzima.

Leo nimelikuta kwenye jukwaa. Ombi limeandikwa na Kemunto. Nyabuto amejibu chini yake: wazo letu. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne lakini "letu" naielewa.

Letu la nani?

Nimerudisha simu mahali pake. Nikapika mboga za saga. Nikazichemsha hadi zikawa nyeusi, na sikujali.

Ijumaa, 9 Mei

Tumefungua Sabato kwa mama mkwe. Yeye ndiye huifungua siku zote. Anangoja wote tuingie, hata mwenye kuchelewa kwa sababu ya ng'ombe, ndipo anaanza wimbo. Leo aliomba kwa ajili ya ndoa zetu. Mimi macho yalikuwa wazi. Nilikuwa naangalia mfuko wa Nyabuto, kama simu itawaka.

Iliwaka.

Sikusema amina.

Jumapili, 11 Mei

Tumegombana. Nilimwambia nimeona.

"Sasa unamwonea wivu mtu wa kwenye simu?"

"Ndiyo."

Alitegemea nikatae. Alibaki ameshika kijiko.

Akaeleza. Ati Kemunto anajua kuandika mambo yakaeleweka. Ati kule jukwaani hawaulizi nani aliwaza, wanauliza nani atafanya. Labda ni kweli. Lakini sikuuliza jukwaa. Nilimwuliza yeye. Nikamwambia nataka jambo moja tu: aandike palepale kwamba wazo ni la mke wake. Akasema watu watamwonaje, baada ya kusifiwa wiki mbili.

Kumbe amesifiwa.

Nikamwambia, "Basi uji utajipikia mwenyewe." Nikaenda kulala na mtoto upande wa ukutani.

Jumanne, 13 Mei

Kemunto amemtumia programu ya kujaribu. Nyabuto ameiweka kwenye MP3 ya mama mkwe. Inafuata saa na siku. Ikifika Ijumaa jua likizama, obokano inalala. Jumamosi jioni inaamka. Alimwonyesha mama yake kama mtoto aliyetoka na ripoti nzuri. Mama mkwe akambariki. "Mungu akuzidishie akili, mwanangu."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na beseni. Akili ya nani?

Roho yangu ni mbaya wiki hii. Najua.

Alhamisi, 15 Mei

Leo tulikuwa shambani tukichuma majani chai, mimi, mama mkwe na majirani wawili. Bochaberi mgongoni. Mama mkwe hutundika MP3 kwenye kikapu, na obokano ndiyo inayosukuma mikono. Leo alibonyeza, kimya. Akabonyeza tena. Wimbo wa Kristo. Akabonyeza, wimbo wa Kristo.

"Mama Nyabuto, leo umekuwa pasta?" akauliza jirani mmoja.

Yule mwingine akadakia, "Mwacheni, ameokoka Alhamisi!"

Walicheka hadi majani yakamwagika. Mama mkwe hakucheka. Alichuma hadi saa saba.

Mimi nilijua mara moja. Chaji ilikuwa imeisha kabisa juzi usiku wa mvua, na jana tena. MP3 ile ikizima kabisa inasahau siku. Ikiwaka inaanza kuhesabu kutoka siku yoyote ile iliyozaliwa nayo. Hapa kwetu chaji huisha. Stima hupotea, mtu hutuma kifaa kwa jirani mwenye sola, kinarudi kesho. Mtu wa saiba hawezi kujua hilo. Nyabuto alipaswa kujua.

Nilifurahi. Niliona kosa lao nikafurahi, mama wa watu akiwa anachekwa. Hiyo imenitisha kidogo.

Jumamosi, 17 Mei. Tumeshafunga Sabato

Aibu ya leo ni kubwa kuliko ya Alhamisi. Baada ya kanisa wageni walikuja kula kwa mama mkwe, wamama wa Dorkasi, chama cha misaada cha kanisa, watu wa heshima. Akawasha MP3 bila wasiwasi, maana mwanawe alimhakikishia kwamba ya Alhamisi hayatarudi. Mashine ilidhani ni siku nyingine. Obokano ilitoka kwa sauti ya juu, mapaja na yote.

Mama mkwe aliizima. Wageni walipoondoka aliiweka mezani mbele ya Nyabuto. "Chukua kitu chako. Sikitaki." Kisha akageuka kwangu, na macho yake yalikuwa na maji. "Sasa nitamsikia wapi baba yenu?"

Furaha yangu yote ya juzi imekuwa mchanga mdomoni.

Nyabuto akasema kesho anaenda Nyaramba, wakae na Kemunto waitengeneze. Nikasema naenda pia. Akasema, na mtoto? Nikasema, na mtoto.

Jumapili, 18 Mei

Nyaramba. Nimerudi, miguu inauma, lakini niandike kabla sijasahau.

Nilitarajia mrembo. Ni mrembo. Nilivaa gauni la harusi ya dada yangu na titi la kushoto likavuja maziwa kabla hatujafika. Kemunto alikuwa na kucha fupi safi na vidole vinavyokimbia kwenye kompyuta bila yeye kuviangalia. Vidole hivyo ndivyo vilivyonichoma kuliko uso.

"Wewe ndiye Mama Bochaberi? Karibu, dada, keti. Mbona hakuniambia mna mtoto mdogo hivi!"

Nyabuto akaangalia nje, kana kwamba kuna kitu barabarani.

Wakaanza mambo yao. Saa, siku, betri ndogo ya ndani, kama inaweza kuongezwa. Niliwasikiliza nikimnyonyesha mtoto. Kemunto akasema, "Nyabuto, hili wazo lako ni zuri, lakini saa ndiyo inatuua."

Lake.

Nikangoja aseme. Nikahesabu pumzi. Hakusema.

Nikasema mimi. "Wazo ni langu."

Kemunto akaacha kuandika. Akamwangalia Nyabuto, akaniangalia mimi. "Aliniambia ni wateja waliomwomba."

"Mteja ni mimi. Nilikuwa nanyonyesha hivihivi."

Akampiga Nyabuto begani na daftari. "Mwanaume wewe! Na mimi najiuliza wateja gani hao wenye akili Nyakoe!"

Ningependa kumchukia. Ilikuwa ngumu kidogo wakati ule.

Nikaendelea kwa sababu nilikuwa nimeshaanza. Nikawaambia saa haina kazi pale. Kwa mama mkwe Sabato haifunguliwi na saa. Jua linazama, tunamngoja wa ng'ombe, tunaingia wote, ndipo mama anaanza wimbo. Anayefungua ni yeye. Na Jumamosi anafunga yeye. Basi mpeni kitufe. Akibonyeza kwa muda mrefu, nyimbo za dunia zilale. Akibonyeza tena hivyo, ziamke. Na mashine ikizima katikati, ikiwaka ikumbuke ilikuwa imefungwa au imefunguliwa. Hilo tu. Siku isiikumbuke, haina haja.

Kemunto alikuwa ameinua mikono yake kutoka kwenye kompyuta. Akasema polepole, "Wiki mbili. Wiki mbili tunasumbuana na saa."

Akatoka kwenye kiti. "Keti hapa uandike mwenyewe. Mimi nimezoea maneno ya fundi, wale wakubwa wa programu wamenichoka. Wewe unaitumia."

Nyabuto alipewa mtoto. Alilia, mtoto. Niliandika kwa vidole viwili, herufi moja moja, kama kuku anayekula mahindi. Sikueleza dini sana. Nilieleza mama mjane, mashine inayosahau siku, na kitufe. Kemunto alitaka kurekebisha sentensi moja. Nikamwambia aiache. Akaiacha.



Jumatatu, 19 Mei

Wamejibu. Mmoja wa wakubwa wa programu anasema kitufe kile tayari kina kazi nyingine. Mwingine anauliza ni watu wangapi watatumia kitu kama hiki. Yule mzee wa ng'ambo anayekataliwa kila mwaka ameandika kwamba yeye angekitumia, kwa nyimbo za mke wake aliyekufa, ili zisimjie ghafla akiwa kazini.

Nilisoma hilo mara tatu. Nikamjibu asante.

Kemunto naye ameandika. Majibu matatu kabla ya chai ya saa nne, ya kunitetea, yenye mistari ya programu nisiyoielewa. Watu wamempongeza. Ananisaidia na bado namwonea wivu. Ningekuwa nimeendelea na shule ningeandika hivyo. Ningekuwa na kucha safi.

Nyabuto hajaandika kitu. Nilimwambia asubuhi, bila kelele: "Nimesema mimi, amesema Kemunto. Umebaki wewe." Nikampa uji wake. Nikamfunga kamba ya kiatu kwa sababu mkono wake aliuchoma na waya wa kulehemu. Lakini sikurudisha neno langu.

Jumatano, 21 Mei

Wakubwa wamekataa. Wanasema kwa sasa hapana, ni kitu cha wachache. Kemunto anasema haidhuru, programu ni ya wote, anaweza kuiongeza kwenye nakala yetu sisi na atakayeitaka aichukue. Anafanya hivyo usiku huu baada ya kazi.

Nyabuto hajaandika. Siku ya kumi tangu nimwombe.

Nimelia kidogo jikoni. Si kwa sababu ya kitufe.

Ijumaa, 23 Mei

Nyabuto alirudi mapema, saa tisa. Akaketi kwenye kiti chenye nepi, akazisogeza. Akaniuliza, "Niandike mke wangu, au jina lako?"

Nikasema jina.

Aliandika mbele yangu. Ilimchukua muda. Kwamba wazo la ombi lile la kwanza halikuwa lake wala la wateja, wala la Kemunto. Kwamba alisifiwa kwa kitu cha mwenzake akanyamaza, na anaomba radhi. Akaweka jina langu lote, mpaka la baba. Mkono uliochomeka ulikuwa na bandeji, alibonyeza kwa kidole gumba. Alipotuma, aliilaza simu kifudifudi juu ya nepi.

Hakuna aliyejibu. Labda wataona kesho. Labda hakuna anayejali kule. Sikuomba iandikwe kwa ajili yao.

Kwa mama mkwe tulikuwa watu saba. Nyabuto alikuwa amemrudishia MP3 yenye nakala ya Kemunto. Mama aliweka kidole kwenye kitufe kile kipya na kukishikilia, midomo ikihesabu. Kisha akaanza wimbo. Nilipofumba macho Nyabuto alikuwa amemchukua mtoto.

Wivu haujaisha. Leo umelala.

Nimesema amina.