Mlango wa Tatu Uliofungwa kwa Jina Lako

Nasimiyu mwanangu,

Kosa wanalolifanya watu wengi ni kudhani kwamba mlango wa sumaku hufunguka wenyewe stima ikipotea. Wamesikia kuwa sumaku hushika kwa umeme na huachilia umeme ukikatika, na hapo wanaridhika. Wanasahau betri. Ndani ya kisanduku kinachopeleka umeme milangoni kuna betri, na betri haijui kama stima imepotea tu kama ilivyo kawaida yetu au kama jengo linaungua. Inaendelea kulisha sumaku, na mlango unabaki umefungwa kwa saa kadhaa, watu wakiwa upande wa ndani.

Wewe hukuwahi kulifanya kosa hilo. Wala mimi sikulifanya. Nilijua habari ya betri tangu kabla hujazaliwa, na bado nikatenda nilichotenda.

Najua ungenikatiza hapa. "Mwalimu, umeanza darasa tena." Niache. Miaka thelathini na moja nilisimama mbele ya ubao pale chuoni Kitale nikieleza umeme, wewe ukiwa mwanafunzi wangu kabla hatujaanza kufanya kazi pamoja, na sikujifunza njia nyingine ya kusema jambo. Tena barua hii itasomwa na watu ambao hawakukujua, na nataka waelewe ulichokijenga kabla ya kusikia nilivyokiharibu.

Jengo lilikuwa la ghorofa tatu mjini Bungoma, mkahawa chini na ofisi juu, na mwenye jengo alitaka milango sita ya kufunguliwa kwa kadi. Fundi mwingine angeweka chanzo kimoja cha umeme, akavuta waya mmoja kupita milango yote sita, akaondoka. Hitilafu ikitokea kwenye mlango mmoja, yote sita inakufa. Wewe ulikataa. Ulinifanya niagize kisanduku cha mtandao, ambacho ndani yake kila mlango una njia yake ya umeme na fyuzi yake, na ambacho mtu aliye Kitale anaweza kukiona kwenye simu yake, ajue betri ina nguvu kiasi gani, auzime mlango mmoja na kuuwasha bila kugusa mingine. Kisha ukakiunganisha na kengele ya moto. Kengele ikilia, kisanduku kinakata umeme wa sumaku zote, wa stima na wa betri, na kila mlango unaachilia.

Nakumbuka siku uliyonionyesha. Tulikuwa tumekaa kwenye kreti za soda nje ya lango langu Matisi, pembeni mwa Kitale. Ukasema, "Ona, betri ya Bungoma imeshuka hadi volti kumi na mbili nukta moja. Hiyo imezeeka." Sikuamini simu. Nikawasha pikapu, tukaenda hadi Bungoma, nikatoa mita yangu mbele ya mlinzi, nikapima. Kumi na mbili nukta moja. Hukucheka mbele ya yule mlinzi. Ulingoja tufike barabarani, ndipo ukaanza, na ukacheka kutoka Webuye hadi Kiminini.

Sasa nikwambie usichokijua.

Unakumbuka mkahawa wa chini ulivyoanza kukaanga samaki, na moshi ukawa unapanda ngazi, na kengele inalia, na milango inafunguka. Siku moja milango ilipofunguka hivyo, laptopu ikatoweka ghorofa ya juu. Mwenye jengo akakupigia akitaka mlango wa tatu, ule unaotoka ofisi za juu kwenda kwenye ngazi, utolewe kwenye kengele ya moto. Ulimjibu neno moja: "Hamisha jiko." Uliniambia mwenyewe, na nikakusifu.

Halafu ukaugua. Jumatatu waliyokuingiza kwenye upasuaji, mimi nilikuwa nyumbani Matisi nasubiri simu ya hospitali. Saa nne na dakika kumi hivi simu ikalia. Nikairukia. Alikuwa ni mwenye jengo.

"Mwalimu, huyu msichana wako ni mgumu sana, bana. Ati nihamishe jiko ya mtu kwa sababu ya mlango? Si wewe ndiye mkubwa?"

Nilitaka aiache laini. Hilo tu ndilo nililolitaka, kwamba hospitali wakipiga wanipate. Nikamwambia sawa, ngoja. Nikafungua ukurasa wa kisanduku nikatumia jina lako na neno lako la siri, kwa sababu sikuwahi kufungua la kwangu. Mara tatu uliniambia nifungue, nami nikasema jina moja latutosha sote wawili. Nikatoa alama moja ndogo iliyounganisha mlango wa tatu na kengele. Haikuchukua dakika. Nikamwambia ni kwa muda, hadi utakapopona uongee naye.

Sikwenda Bungoma. Ningekwenda, ningeona kwamba kile kisanduku kidogo cha kijani ukutani kando ya mlango wa tatu, ambacho mtu huvunja kioo chake ili akate umeme wa mlango kwa mkono, watu wa ofisi walikuwa wamekiziba kwa kabati la mafaili.

Jumatano ulikuwa umefungua macho vizuri. Ukaniuliza, "Milango ya Bungoma iko sawa?" Nikasema iko sawa. Ukasema, "Asante, Mwalimu," ukalala.

Alhamisi mchana mita za stima zilizo chini ya ngazi zilishika moto. Kengele ililia kama ulivyoipanga. Milango mitano iliachilia kama ulivyoipanga. Wa tatu ulishika. Nyuma yake kulikuwa na watu tisa, na moshi ulikuwa unapita chini ya mlango. Mlinzi na fundi wa kuchomelea wa ng'ambo ya barabara waliung'oa kwa nondo, lakini kabla hawajamaliza karani mmoja, Everlyne, alikuwa ameruka dirishani. Alivunjika nyonga. Hakuna aliyekufa. Watu hunipa maneno hayo kana kwamba wananipa zawadi. Mwalimu, mshukuru Mungu, hakuna aliyekufa.

Jioni ile nikaingia tena kwa jina lako, nikairudisha ile alama mahali pake. Ijumaa nilikaa kando ya kitanda chako saa mbili nzima na sikusema kitu. Jumamosi ukaenda. Nitakiandika kama kilivyo: nilishukuru kwamba umeenda bila kujua.

Tulikuzika kwenu Kabuchai. Siku ya tatu baada ya mazishi watu wakaketi uani kwenu, kama wanavyoketi, ili kila mwenye neno na marehemu aliseme mbele ya wote na liishe. Mwenye jengo alikuja. Alikuwa na karatasi iliyochapwa, kwa maana kile kisanduku chako huweka kumbukumbu ya kila anayekigusa. Akavaa miwani akasoma: Jumatatu, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, mlango wa tatu umeondolewa kwenye kengele ya moto, mtumiaji Nasimiyu.

"Mimi sisemi mbaya juu ya marehemu," akasema. "Nasema tu ile iko kwa karatasi."

Hakunitazama. Alikuwa anajua amempigia nani simu, nami nilikuwa najua kwamba anajua. Mama yako akageuka kwenye kiti. "Mwarimu," akaniita kwa lafudhi yake na ile sauti yake ya chini, "wewe ndiye ulimfunza. Hii maneno ni ya ukweri?"

Nilikuwa na nafasi, Nasimiyu. Ua mzima ulikuwa ukinisubiri. Nikasema, "Mama, alikuwa na homa kali. Mtu mwenye homa anaweza kukosea."

Wakaguna kwa kukubali. Jambo lilikuwa limepata pa kuwekwa, na aliyewekewa hakuwa na mdomo. Mzee mmoja alinishika mkono baadaye akanishukuru kwa kukusemea kwa upole. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mtu aliyelala kwenye meza ya upasuaji Kitale, amechomwa sindano ya usingizi, anashikaje simu na kuingia kwenye mtandao. Kama wangeuliza ningekwama. Hawakuuliza, kwa sababu jibu tayari lilikuwa linawafaa, na lilikuwa linanifaa mimi kuliko wote.

Unataka kujua nini kimebadilika. Mwenye jengo hajahamisha jiko. Milango yake bado naitunza mimi, na tukikutana tunaamkiana vizuri sana, kama watu wawili wanaoogopana. Mwezi uliopita chuo kilinialika niongee na wanafunzi wa umeme. Kijana mmoja aliuliza swali juu ya milango ya kadi, na kabla sijajibu mwenzake akamwambia, "Usifanye kama yule dada wa Bungoma." Darasa likacheka. Mwalimu wao akacheka. Nikaendelea kuchora mchoro ubaoni, mchoro ambao ulikuwa wako.

Hata hilo nililibeba nikarudi nalo nyumbani. Lililonishinda ni hili. Wiki jana nilikutana na Everlyne sokoni Bungoma, anatembea kwa magongo mawili. Nikamsalimu, nikamuuliza hali. Akasema, "Napata nafuu. Mama ya Nasimiyu ananitembelea kila Jumapili akitoka kanisani. Ananiletea ndizi, anapiga magoti anaomba msamaha. Mimi namwambia, Mama, si inuka, yameisha. Anakataa kuinuka."

Kila Jumapili. Kwa magoti yale uliyokuwa unayapaka dawa. Mama yako anaomba msamaha wa kosa langu, kwa mtu niliyemvunja mimi, na anamwomba kwa jina lako.

Nimekuwa mtu wa kueleza mambo maisha yangu yote, na hili nimeshindwa kulieleza. Naweza kusema nilikuwa nasubiri simu ya daktari, na ni kweli. Naweza kusema ilikuwa dakika moja, na ni kweli. Lakini pale uani hakukuwa na simu iliyokuwa inalia. Pale nilikuwa na muda wote, na nilichagua jina langu.

Jana nilifungua kumbukumbu za kisanduku na kuzichapa zote. Karatasi aliyoisoma mwenye jengo ilikosa safu moja. Kisanduku hakiandiki jina tu, kinaandika pia mtu ameingilia kwenye laini gani ya simu. Jumatatu ile ni laini yangu. Alhamisi jioni ni laini yangu. Kesho asubuhi naenda Kabuchai na karatasi hiyo. Nitamsomea mama yako kwanza, tukiwa wawili, kisha nitamwomba awaite wale wale walioketi uani, nami nitasimama pale pale niliposema ule uongo. Kutoka hapo nitaenda kwa Everlyne, na nitakaporudi Kitale nitaingia kwenye lile darasa. Kama ni polisi watakaofuata, wanajua Matisi ilipo.

Sikuombi msamaha hapa, kwa sababu huwezi kunikatalia. Nitauomba kwa wanaoweza kukataa. Ninachokuahidi ni kwamba hakuna fundi atakayetajiwa jina lako tena kama mfano wa kosa mimi nikiwa bado napumua. Lala, mwanangu. Ulifanya kazi safi, na mimi ndiye niliyeichafua.

Nakala ya barua hii nitaibandika Bungoma, ndani ya kifuniko cha kisanduku chenyewe. Wewe fundi utakayekifungua na kuisoma, sikujui na hunijui. Leo, kabla hujarudisha kifuniko, bonyeza kengele ya moto, kisha panda ngazi ukausukume mlango wa tatu kwa mkono wako.