Bunduki ya Bomba la Maji

Ruiru, Jumanne

Ukungu umekataa kuondoka leo. Vidole vimekufa ganzi, hata kalamu inateleza.

Nimemkana ndugu yangu.

Asubuhi homugadi, wale wenzetu wanaolinda kijiji kwa niaba ya serikali, walitutoa wanawake wote wa kijiji, wakatupanga mstari mbele ya kambi yao. Juu ya turubai walikuwa wamelaza maiti iliyotolewa msituni, upande wa Thika. Kila mmoja apite, atazame, aseme kama anamjua. Atakayesema anamjua, yeye na watu wake wanapelekwa kizuizini.

Uso haukuwa na la kutazama. Lakini miguu ile ni ya Kariuki, mdogo wangu. Nilimlea mimi.

Kando yake waliweka bunduki yake, mtutu umepasuka na kufunuka kama ganda la ndizi. Homugadi mmoja alitueleza kwamba si risasi ya serikali iliyomuua. Ni hiyo.

Kabla ya kuingia msituni Kariuki alikuwa fundi wa mashine kwenye shamba la kahawa. Huko msituni akawaundia wapiganaji wenzake bunduki. Lakini tangu Emajensi, hii hali ya hatari, ianze, chuma kizuri kimefungiwa. Stoo za mashamba zina askari mlangoni, hata springi ya lori bovu haiokotwi. Wakabaki na misumari, makomeo ya milango, mipira ya baiskeli na mabomba ya maji.

Mwezi uliopita alinijia kwenye mibuni, akaniomba kile kijiti cha chuma kinachoshika sindano ya cherehani yangu. Alisema msumari wa kugongea risasi unapinda kabla risasi haijalia. Kesho yake nikampelekea, ingawa cherehani ndiyo iliyokuwa ikitulisha.

Nikamuuliza, "Na mtutu?"

"Bomba la maji, dada. Ni laini, najua. Lakini hakuna lingine."

Leo nimekiona chuma changu ndani ya ile bunduki. Kimenyooka vilevile. Bomba ndilo lililoshindwa.

Mama alikuwa mbele yangu. Aliinama, akatazama, akasema, "Huyu simjui."

Nami nikasema hivyo hivyo, nikapita.

Tumerudi nyumbani. Mama amepika githeri, tumekula. Nyumba hizi zimebanana, na kilio kikisikika tu, tumejisaliti wenyewe.

Kesho tunarudishwa kuchimba handaki la kuzungushia kijiji. Nitainua jembe kama wengine. Ila Kariuki wangu nitamlilia lini, na wapi?