Sura Mbili za Mama Yako

Samarkand

Mwanangu Mohira,

Nina miaka themanini na moja. Nimezika ndugu watano na kamera sita, na mtaani hapa hakuna anipitaye kwa picha za rangi.

Ila sasa nikimpiga picha mama yako akianika aprikoti, zile sura zake mbili ambazo kidirisha cha kamera huonyesha hadi lenzi ilengwe sawasawa hazikutani kuwa moja, hata nizungusheje lenzi. Nikaipeleka kwa Ergash, fundi wa kamera; akachungulia, akacheka: "Mzee, kamera nzima hii. Macho je?" Nikamwita punguani.

Jana nikaishusha kamera, nikamtazama mama yako kwa macho matupu. Bado walikuwa wawili.

Sijamwambia. Njoo upesi, nikuone ningali naona. Ukidhani natia chumvi, muulize Ergash. Hajawahi kukosea kamera, na hilo ndilo linalonitisha.

Baba yako,
Nurmat