Malisho Yaliyochoka

Goma, mtaa wa Keshero

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimia kwa mikono miwili. Goti lako linakuruhusu kushuka ziwani, au bado linagoma? Viboko bado wanapita mlangoni kwako? Sisi huku tu wazima. Neema ameingia darasa la tano, na samaki wa chumvi uliotutumia kutoka Vitshumbi walifika wakinuka hata dereva wa lori akaomba msamaha.

Mizizi ya dawa uliyoificha ndani ya samaki nayo nimeiona. Naomba usitume tena, na usikasirike kabla hujasikia yote. Kaka anayekusomea barua hii, akifika mahali pa aibu, akohoe tu na kuendelea.

Unajua tangu Neema azaliwe sijapata mwingine, na mwaka huu nimetimiza thelathini na tisa. Shangazi wa bwana yangu alikuwa amekwisha pata msichana huko Masisi, wa miaka ishirini, aje kuwa bibi wa pili hapa kwangu. Alisubiri neno la baba mkwe tu. Mama, niliogopa, nikakonda. Bwana yangu akasema twende kwanza hospitali.

Baba mkwe aliposikia akashuka kutoka mlimani na kibuyu cha maziwa, akisema mambo ya uzazi hakuna wa kumfundisha, amechunga ng'ombe maisha yake yote. Ila wewe unamjua, ni mtu wa desturi. Tangu niolewe hakuwahi kusema nami ana kwa ana. Akitaka chumvi, anakiomba kiti. Akitaka kunisifu, anaisifu sufuria. Basi kwa daktari aliketi akiuelekea ukuta, kofia usoni, na bwana yangu katikati yetu ndani ya suti yake ya harusi, ile abakosti, jasho likimtiririka.

Daktari alikuwa amekwisha nipima mara mbili. Akaeleza taratibu, akiniita raia kwa Kifaransa:

"Sitwayeni, kila mwezi tumbo ya uzazi inatandika ngozi laini ndani, mutoto akikuya apate pa kulala. Asipokuya, ile inatoka, mwili unatandika ingine. Ile ngozi imejengwa na seli, vitu vidogo sana, macho haiwezi kuviona. Navyo vinazeeka. Vingine vikizeeka havifanye tena kazi, na havitoke. Vinabakia pale, vinaharibu hata vile vipya vya pembeni. Mimba inakosa pa kushika."

Bwana yangu akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Hakuelewa. Ndipo sauti ikatoka chini ya kofia:

"Uliza muganga: ni sawa malisho? Majani ya zamani ikibakia imesimama, ya mupya haioti muzuri, hata mvua inyeshe?"

Daktari akaruka kitini. "Ndiyo, muzee! Ni vile kabisa!"

"Basi umuulize tena: sisi kwetu tunawasha moto, majani ya zamani inaisha. Hapa je?"

"Hapana moto, muzee!" Daktari alinyoosha mikono kana kwamba baba mkwe ameshika kiberiti. Akasema dawa ya kuondoa seli hizo hana, na mayai ya mwanamke pia huzeeka. Si kosa la mtu. Mimba inaweza kuingia, inaweza isiingie. Ila mizizi nisiyoijua niiache, inaweza kuniumiza. Ndiyo sababu, Mama.

Baba mkwe alifurahia elimu yake mpya hata akaieneza. Jumapili baada ya ibada mke wa mchungaji akanishika mkono, akaniuliza malisho yanaendeleaje. Nilitamani ardhi inimeze.

Siku hiyohiyo shangazi akaja nyumbani na sifa zote za msichana wake. Mimi nilikuwa jikoni na birika mkononi, sikio mlangoni. Alipomaliza, baba mkwe akakiambia kiti:

"Malisho ikichoka, muchungaji haitukane. Ilishatulisha. Huyu alitupatia Neema. Mungu akiongeza, asante. Asipoongeza, hii nyumba iko na bibi moja tu."

Kisha akavua kofia, akageuka, akaniangalia mimi mwenyewe mlangoni.

"Mama Neema," akasema. "Leta chai, mutoto wangu."

Miaka kumi na miwili ya ndoa, Mama! Nilimimina chai ikafurika kikombe, ikafurika kisahani, ikaikuta abakosti ya bwana yangu. Nililia mbele yao wote bila aibu. Shangazi alikunywa vikombe viwili, halafu akaomba sukari.

Kesho yake muzee akarudi kukiomba kiti chumvi.

Sikudanganyi, mtoto mwingine bado namtamani, na kila mwezi ninahesabu siku. Lakini nimeanza kulala.

Msalimie kaka, najua amekohoa vya kutosha, na shemeji anayemvumilia. Yule jirani muuza chumvi, ambaye najua mizizi ni yake, mwambie simchukii. Samaki waendelee kuja, ila tumboni mwao msitie kitu.

Ni mimi binti yako,
Mama Neema, peke yangu jikoni kwangu