Sekunde Tisini na Viti Vinne

Jumatatu, 3 Machi

Kazi mpya, nami nina miaka sabini na mmoja! Studio iko ghorofa ya tatu, juu ya duka la rangi. Lifti ni pambo. Meneja wa vipindi, mwanamke anayetembea kana kwamba anakimbizwa, ameniketisha mbele ya skrini: Mwalimu, soma maandishi yanayopita chini ya picha, sahihisha, basi.

Kipindi ni cha mashindano ya kuimba. Kinatoka nchi kumi na nne, kila nchi na toleo lake. Waamuzi wanne hukaa kwenye viti vyekundu, wamempa mwimbaji mgongo. Anayependezwa na sauti hubonyeza kitufe, kiti kikageuka. Mwimbaji ana sekunde tisini. Kisipogeuka hata kimoja, anarudi kwao.

Upuuzi mtupu. Nimetazama matoleo matano.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimekwenda na saa yangu, ile niliyosimamia nayo mitihani. Napima kiti cha kwanza kinageuka lini. Toleo la nchi ya theluji: sekunde ya kumi na saba. Toleo la visiwani: ya arobaini. Kuna toleo ambalo waamuzi huvaa suti na tai kama wako mahakamani — ya sabini na nane! Nilijikuta nimeshika ukingo wa meza. Yote nimeyaandika nyuma ya daftari hili. Mpaka sasa hakuna kiti kilichogeuka baada ya sekunde ya themanini na nne.

Lugha ni mbalimbali, lakini jamaa za waimbaji ni walewale. Chumba cha pembeni, makochi, kamera, na mama mtu mzima anaruka kama bisi kwenye sufuria. Heshima imekwenda wapi? Mimi, hata wanipe nini, siruki.

Nimerudi nyumbani. Mzee, mume wangu, yuko chumba cha nyuma, anashona na kuimba. Nimemwambia afunge mlango.

Jumamosi, 8 Machi

Siri imetoka! Kitindamimba wetu, mwenye saluni, amekuja na simu mkononi na uso wa mtu aliyevunja sahani. Kwamba hapa kwetu nako kutakuwa na toleo letu wenyewe, hilo nilijua. Litafanyiwa studio yetu. Nisilolijua ni kwamba binti huyu alimrekodi baba yake akiimba huku akishona mashati ya sare, akatuma. Na ameitwa! Fundi cherehani, miaka sabini na minne!

Nikauliza kwa nini sikuambiwa.

"Ningekwambia, Mwalimu," Mzee akasema, "lakini ungenisahihisha."

"Ng'ombe hazeeki maini, mama!" binti akadakia. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi sikucheka. Nilicheka baadaye, jikoni, peke yangu.

Jumapili, 9 Machi

Sikulala vizuri. Kuna kitabu cha masharti cha wenye kipindi, kurasa mia mbili, na kila nchi hukifuata. Sharti la kumi na moja: jamaa wa mfanyakazi haruhusiwi kushindana. Nililisoma kwa macho yangu, wiki hii hii.

Nimewaambia asubuhi, wote wawili. Binti akasema majina yetu hayafanani, nani atajua? Nikamjibu: Mimi nitajua.

Mzee hakubishana. Aliikunja tepu yake ya kupimia, akaikunjua, akaikunja tena. Basi, Mwalimu, kazi ni kazi, akasema. Hata hivyo nina mashati ya watu.

Leo hajaimba. Nimeuacha mlango wazi makusudi. Cherehani tu, tktktk, mpaka jioni.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeacha kazi.

Meneja hakuamini. Mwalimu, unaacha kazi kwa ajili ya sekunde tisini? Nikamwambia huenda zikawa kumi na saba, wakimgeukia mapema. Alicheka mpaka akakaa. Kisha akawapigia simu wenye kipindi, akawaeleza yote bila kuficha. Jibu: nikiwa nimeondoka kabla hajaimba, hakuna tatizo.

Nimerudisha hedifoni. Zilikuwa zimeanza kunizoea masikio. Na yule msichana wa nchi ya theluji, alifika fainali? Sitajua! Nimekasirika kuliko nilivyotarajia.

Nimemkuta Mzee anatia uzi kwenye sindano. Nikamweleza. Sindano ikaanguka.

"Umeacha kwa ajili yangu?"

"Ngazi zilikuwa nyingi," nikamjibu.

Akaokota sindano. Nilipofika jikoni, alikuwa ameshaanza kuimba.

Alhamisi, 13 Machi

Mazoezi ya kwanza, sebuleni. Binti na mimi ndio waamuzi, kwenye viti vya plastiki, tumempa mgongo. Saa mkononi.

Balaa! Anakimbia kama mbuzi aliyeona shamba la jirani. Wimbo wa sekunde tisini ameumaliza kwa hamsini na sita. Mara ya pili, hamsini na mbili. Binti akasema baba labda ana basi la kuwahi. Mzee akakaa chini, akafuta jasho: basi nimeshindwa, niacheni.

Nilifikiri sana. Huyu mtu hajawahi kuimba amesimama! Miaka yote ameimba mguu ukiwa kwenye kanyagio la cherehani. Mdundo uko mguuni.

"Kanyaga," nikamwambia.

"Nikanyage nini?"

"Sakafu. Kanyaga kama unashona pindo la suruali."

Akakanyaga. Jamani! Sauti ikatulia, ikashuka pale inaposhuka, ikapanda bila haraka. Sekunde themanini na tisa.

Niliitambua. Bila shaka niliitambua. Miaka arobaini na sita nimekaa kwenye meza yangu nikisahihisha madaftari, mgongo kwake, sauti hii ikinijia kutoka chumba cha nyuma. Na nilichowahi kumwambia ni kufunga mlango.

Binti akanigusa: mama, mbona hugeuki? Nikamwambia nasubiri ubeti uishe. Ubeti ulikuwa umekwisha.

Ijumaa, 21 Machi

Kesho. Suti amejishonea. Kifungo kimoja nimekishona mimi, naye amekikagua kama mkaguzi wa shule. Kimelegea, akasema. Nikakishona upya.

Jumamosi, 22 Machi

Chumba cha jamaa. Makochi yaleyale! Kamera moja, skrini moja, binti na mimi. Meneja amepita mbio: Mwalimu, kiti kikigeuka mruke, watu wanapenda. Nimemjibu kwamba nina magoti. Daftari liko pajani, saa iko mkononi. Nitapima, kama kawaida.

Anaingia. Suti imemkaa. Muziki.

Sekunde ya kumi. Mguu umeganda! Anakimbia tena. Binti anapiga kelele kwenye skrini: kanyaga, baba!

Ishirini na mbili. Mguu. Umeanza. Alhamdulillahi.

Arobaini. Migongo minne. Yule wa visiwani alikuwa ameshageukiwa.

Hamsini na tano. Mwamuzi wa pili amefumba macho. Hilo ni jema au baya?

Sitini na tatu. Mkono wake uko juu ya kitufe. Bonyeza, bwana wee! Ameurudisha kwenye kidevu. Anakuna kidevu, wakati huu!

Sabini na moja. Hakuna. Mzee hata hawatazami. Anaimba kana kwamba yuko chumba cha nyuma, na mlango uko wazi.

Sabini na nane. Wa suti na tai walikwishageuka. Mkono wa mwamuzi wa pili tena.

Themanini na mbili. Binti ananivuta gauni: mama, keti, unaziba kamera, mbona hakijageuka hata kimoja! Kumbe nimesimama. Kumbe anayeruka ni mimi, na daftari mkono —

Themanini na nne, ya mwisho kwenye orodha yangu —